Anayebaki Chini

Kidole gumba kinatakiwa kitulie juu ya kisahani kwa muda wa pumzi moja. Hiyo ndiyo kazi ngumu pekee ya mwenye meza. Mengine yote ni kusoma hadithi kwa sauti na kuzuia watu wazima wasirushiane dadu. Kidole kikitikisika, kisahani kinakoroma kama chura na pointi haiingii. Changu hakikuwahi kutikisika. Kwenye meza zote za Rungwe walinijua kwa hilo: Bupe wa Tukuyu, mkono wa jiwe.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga bati la ukumbi kwa nguvu mpaka nikawa nasoma kwa kupaza sauti. Tulikuwa tumemaliza mlango wa pili wa mgodi. Wachezaji wakavua kanda zao za kichwani, wakajikuna mapaji ya nyuso, kila mmoja akasogeza kisahani chake mbele yangu.

"Gwakisa," nikasema. "Jabali wako ametoka hai. Unachukua au unaacha?"

"Nachukua."

Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Ilikuwa imebaki pointi moja avuke kwenda ngazi ya tano, na yeye alijua, na mimi nilijua.

"Tumpe?"

"Naacha."

"Tena?"

"Tena na tena! Mimi ni wa ngazi ya pili na hapa ndipo nitazeekea. Nikiacha kuogopa buibui, pale nyumbani nani atapiga mayowe? Mume wangu? Yule akiona buibui anampisha apite." Tumpe anauza mitumba sokoni na anakuja mezani kucheka. Akanipa karanga. Nikala. Zilikuwa karanga.

Kwa asiyezijua meza za Ligi, mambo yako hivi. Ukivaa kanda, hadithi ninayosoma haibaki masikioni, inashuka mwilini. Nikisema maji yamefika kiunoni, unausikia ubaridi kiunoni. Unaogopa kweli, na ukiogopa kisha ukapita, kanda inaweka alama. Alama za mchezo mmoja ni pointi, pointi tatu ni ngazi. Usiku wa kupanda ngazi unalala na kanda. Inazirudia zile alama mpaka mwili unazizoea, na asubuhi unakuta kuna kitu kilichokuwa kinakutetemesha jana, leo hakikutetemeshi. Ndiyo maana madereva wa malori ya milimani wanacheza, na wauguzi wa wodi za walioungua, na mapadri wawili watatu ambao sitawataja.

Ngazi nne za kwanza utulivu wako unaishia mezani. Mapango, maji, moto, panga za kwenye hadithi havikusumbui, lakini ukirudi nyumbani mwanao akianguka bado moyo unakupasuka. Ya tano ndiyo inayomwagika. Inaingia nyumbani kwako, inaingia msibani, inaingia chumbani. Watu wanaita kuvuka.

Na kifo ni kifo. Mhusika wako akifa mezani, kanda inafumua kila ilichokushonea, papo hapo, mbele za watu. Wengine hutapika. Ligi iliweka hivyo tangu mwanzo wala si kwa ukatili. Mwili haudanganyiki, ukijua hakuna cha kupoteza hauogopi, na usipoogopa hakuna alama.

Halafu kuna sisi. Mwenye meza naye anapata pointi kwa kila mchezo anaousimamia. Hachezi, haogopi, anapewa tu: kanda inachanganya alama za waliokaa mezani na kummegea. Mhusika wangu anaitwa Sikitu, ngazi ya saba. Hajawahi kuingia kwenye pango lolote. Ujasiri wote alio nao ni wa watu wengine, na niliupokea mwaka baada ya mwaka kwa sababu kila mara kisahani kiliuliza, na mimi kila mara nikasema nachukua.

Mama yangu alifariki nikiwa nimeshavuka. Msiba wa Kinyakyusa unajulikana, watu wanalia mpaka nyumba ya jirani inatikisika, wanawake wanajitupa chini kwenye matope. Mimi nilikuwa jikoni nagawa ndizi na nyama, nahakikisha hakuna aliyesahauliwa. Shangazi alinifuata, akanikodolea macho, akasema, "Wewe mtoto, umekaukaje hivi?" Nikamwambia kuna supu imebaki.

*

Jumanne mchana nilikuwa barazani nachambua maharage, akaingia mwanamke mwembamba mwenye khanga ya kijani. Nilimjua kwa sura. Alikuwa Sekela, mke wa Gwakisa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, chai ipo."

"Asante, sikai." Akakaa. Akachota maharage kwenye ungo wangu, akaanza kuchambua na yeye, kama mtu ambaye mikono yake haijui kukaa bure. "Mume wangu amebakiza ngapi?"

"Moja."

"Jumamosi hii?"

"Akitoka hai."

"Usimpe."

Nikamwambia haiwezekani. Pointi ni ya mchezaji. Mwenye meza anabonyeza tu, hachagui nani apate nani akose, na mchezaji akisema nachukua basi ninabonyeza kabla hajanyanyuka mezani. Akishanyanyuka, pointi imepotea, kwa hiyo hata kuchelewesha ni dhuluma. Niliyasema yote hayo kwa sauti ninayosomea hadithi.

"Dada, una watoto?"

"Sina."

"Basi nisikilize tu."

Habari za mtoto nilikuwa nazo, kama mji mzima. Gwakisa alikuja mezani wiki chache baada ya kumzika binti yake, na hakuficha. Huyu ni fundi wa kuchomelea, mageti nusu ya mji ni kazi yake, na siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu, kama hiyo ya tano ndiyo inayokata uchungu. Nikamwambia ndiyo inayokata. Lakini hili alilonieleza Sekela sikuwa nalo.

"Lugano alikuwa na miaka saba. Malaria ikampanda kichwani. Wodini wakasema ile dawa imeisha, nikanunue mjini. Nikatoka mbio. Mvua ya huku unaijua. Nikarudi nimelowa chapachapa, dawa nimeificha kifuani isilowe, nikakuta wamemfunika." Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. "Gwakisa ndiye aliyekuwa naye. Peke yake. Mimi mpaka leo sijui mwanangu aliondokaje. Alilia? Aliniita? Nikimuuliza baba yake, midomo inaanza kumcheza, anatoka. Anakwenda bafuni anafungulia bomba ili nisimsikie."

"Akivuka atakwambia," nikasema. Nilidhani namfariji. "Atakaa hapo akusimulie mwanzo mpaka mwisho bila shida yoyote."

Akaacha kuchambua. "Kama unavyoongea na mimi sasa hivi."

"Kama hivi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Sitaki kusomewa taarifa ya habari. Nataka aniambie wakati bado inamuuma, tulie wote wawili mpaka tuchoke, kisha tuone kama tunaweza kula. Akivuka, nitabaki na msiba peke yangu ndani ya nyumba ile, na yeye pembeni ananiuliza kama mboga imekolea chumvi."

Niliyaelewa maneno yake yote. Hayakufika popote. Nilimwangalia machozi yanavyomshuka nikawaza kwamba yataingia kwenye maharage.

"Ikoje?" akauliza. "Hiyo hali yako."

Hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa hiyo ilibidi nifikirie. "Umeshawahi kung'olewa jino? Ile sindano. Shavu unajua ni lako, ukiligusa lipo, unaweza hata kuling'ata."

"Ile sindano huisha jioni."

"Ya daktari, ndiyo."

"Pole," akasema. Alimaanisha. Nikashukuru kwa sababu mtu akikupa pole unashukuru.

Kisha akataka kujua kama kuna njia. Nikamwambia zipo mbili, Jabali afe mezani au Gwakisa akatae mwenyewe. Akarudi kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Na mimi naweza kucheza?"

"Yeyote anaweza. Nitakuandikisha. Mhusika wako umwite nani?"

"Lugano," akasema.

Sheria ya Ligi haikatazi. Nikaandika Lugano.

*

Jumamosi wachezaji wetu wengine wawili, dereva na utingo wake, walipiga simu kwamba wamekwama na lori mlimani. Meza haihesabiki bila wahusika wanne. Hapo mwenye meza anaruhusiwa kujaza: unamweka mhusika wako mezani, hasemi kitu, anafuata wenzake, na unamsogeza wa mwisho baada ya wote. Lakini akifa amekufa kama wengine. Nikavaa kanda, nikamweka Sikitu pembeni, sanamu ndogo ya mbao iliyopauka.

Gwakisa aliingia anapangusa mvua kichwani, akamkuta mkewe ameketi, kanda kichwani.

"Umefuata nini hapa?"

"Kucheza."

"Sekela, tungeongea nyumbani."

"Nyumbani huongei."

"Haya jamani," Tumpe akaingilia, "ya nyumbani yabaki nyumbani. Hapa tunauawa na maji tu. Kaa, baba, kaa."

Akakaa. Akavaa kanda yake, na nikaona mabega yake yanashuka, kama ninavyoona kila wiki. Nje ya meza alikuwa mtu aliyekonda kwa kutolala. Mezani alikuwa ngazi ya nne. Karibu avuke.

Tukajitambulisha, ndiyo kawaida.

"Jabali, mvunja miamba."

"Bi Vurugu, mwizi mstaafu," Tumpe akasema, "na wiki iliyopita nimevunjika mkono mlango wa pili, kwa hiyo msinibebeshe kitu."

Sekela alinyoosha mgongo. "Naitwa Lugano. Nina miaka saba. Naweza kupita sehemu ndogo."

Tumpe akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akamtazama Gwakisa, akaanza kukusanya maganda ya karanga bila sababu. Gwakisa alikuwa anaangalia meza. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Sawa," akasema. "Mtoto akae katikati yetu."

Nikasoma. Mlango wa tatu wa mgodi, ngazi za chuma zinashuka gizani, maji yanadondoka ukutani. Sekela alicheza vizuri kuliko wengi wanaoanza. Aliuliza maswali ovyo kama mtoto. Aliokota mawe akayatia mfukoni. Palipokuwa na tundu jembamba alipita akafungua komeo kwa upande wa pili, Tumpe akapiga makofi kwa kujisahau. Palipokuwa na shimo, Gwakisa akasema Jabali anambeba mtoto mgongoni.

"Lugano anamwambia, baba, usinibane," Sekela akasema.

"Jabali hana mtoto."

Alisema bila ubaya. Ni kweli, kwenye maelezo ya Jabali hakuna mtoto. Sekela akasema, "Haya. Lugano anamwambia, mjomba, usinibane." Tukaendelea.

Nikafika mahali ambapo hadithi ya mwezi ule ilikuwa inaelekea tangu mwanzo. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Mwisho wa njia kuna kizimba cha chuma kinaning'inia kwenye mnyororo. Juu kabisa kuna mwanga. Kizimba kinapanda iwapo mtu mmoja amekaza mkono wa mtambo huku chini. Akiuachia, kinarudi. Maji yamefika magotini na yanapanda. Anayebaki chini haokoki. Hapa hakuna dadu."

Kwenye meza za Ligi jambo hilo halina ubishi. Mpya anabaki. Mara nyingi mpya mwenyewe ndiye anayenyoosha mkono, anakufa kwa mbwembwe, anapigiwa makofi, ananunuliwa soda, wiki ijayo anarudi na jina jingine. Hajapoteza chochote kwa kuwa hakuwa na chochote. Nimeshaona wapya wengi wakifa hivyo na wakicheka, na sikuwahi kufikiri kuna ubaya wowote.

Sekela hakuijua desturi hiyo. "Nani anabaki?" akauliza.

 Maji yalikuwa yanapanda. Niliisoma sentensi ya mapajani.

"Gwakisa, nani anabaki?"

"Jabali," akamrekebisha. Kisha akamgeukia na kumweleza kwa upole, kama unavyomweleza mtu kuwasha jiko geni. "Bi Vurugu kavunjika mkono, hawezi kukaza mtambo. Sikitu ni ngazi ya saba, ngazi ya saba haitupwi. Mimi nimebakiza moja. Wewe ndiyo unaanza leo, huna pointi, hupotezi kitu. Mpya ndiye anabaki, Sekela, si mimi niliyeanzisha. Na watakununulia soda."

"Unamwacha Lugano chini."

"Ni mchezo."

"Nimekuuliza."

"Ndiyo," akasema. "Jabali anaingia kizimbani."

"Yesu wangu," Tumpe akasema, akaziba mdomo. Halafu, kwa sauti ndogo, "Bi Vurugu anaingia."

Nilitegemea Sekela apige kelele. Hakupiga. Aliiweka mikono yake miwili mezani, vidole vimekunjwa, kama ameshika mkono wa mtambo kweli. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Kanda ilikuwa inamshushia maji yangu.

"Maji yana baridi," akasema.

Ilibaki zamu yangu. Sikitu alitakiwa aingie kizimbani na wenzake, sentensi moja, nimeshawasomea wahusika wa wengine mara nyingi kwenye meza nyingi. Nisijisifu kwamba nilimhurumia yule mama. Huruma inahitaji mahali pa kukaa na mimi sikuwa napo. Niliangalia tu meza ile. Hesabu ya Gwakisa ilikuwa nzuri, ina kosa sehemu moja. Alikuwa sahihi kwamba abaki asiye na cha kupoteza, ila alimnyooshea kidole mtu ambaye siye. Sekela alikuwa na kila kitu mezani pale. Aliyekuwa hana kitu ni mimi, ngazi saba na zote za kupewa.

"Sikitu anaitoa mikono ya mtoto kwenye mtambo," nikasoma, ingawa haikuandikwa popote. "Anambeba anampandisha kizimbani. Anarudi. Sikitu anabaki chini."

"Da' Bupe!" Tumpe akaruka kwenye kiti. "Ngazi saba! Una wazimu?"

"Kizimba kinapanda."

"Mwenye meza, subiri kwanza," Gwakisa akasema, na kwa mara ya kwanza mezani nilimwona amebabaika. "Hiyo haifanyiki."

"Imefanyika. Kizimba kinapanda, mwanga unawajia usoni, mko hai. Huku chini maji yamefika kiunoni." Mwenye meza anakisoma kifo chochote kinachotokea mezani kwake, hata kikiwa chake. "Yamefika kifuani. Yamefika shingoni. Sikitu hauachii mtambo. Yamefika mdomoni."

Sentensi ya puani sikuimaliza.

Kwanza nilisikia baridi miguuni. Hiyo tu. Tukuyu kuna baridi, jamani, na mimi nilikuwa nimeishi humo miaka yote hiyo na miguu mikavu ya mtu mwingine. Kisha harufu ya makoti yaliyolowa. Kisha chumvi ya karanga alizonipa Tumpe mchezo ulipoanza, kali, kumbe ilikuwa bado mdomoni. Kisha mama yangu. Nilikuwa najua amekufa, kila mwaka napeleka maua kaburini, lakini siku ile ndiyo alikuwa amekufa. Aliniita Bupe wangu, hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo, na hataniita tena, na mimi nilikuwa jikoni nagawa supu. Nikatoa yowe. Lilikuwa lile lile ambalo shangazi alilisubiri siku ya msiba akalikosa. Nilimsikia mtu analia ukumbini kwa sauti mbaya nikawa nataka anyamaze, kumbe ni mimi.

Tumpe alinivua kanda, akanikumbatia kichwa kifuani kwake. "Lia, mama. Lia tu. Lia."

Sijui ilichukua muda gani. Nilipoweza kuona, Gwakisa alikuwa bado ameketi. Kanda yake ilikuwa mezani. Alikuwa amesubiri kwa adabu, na sasa akasogeza kisahani mbele yangu taratibu, kwa kidole kimoja.

"Dada Bupe, samahani sana. Kabla sijanyanyuka." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nachukua. Usiku wa leo siuwezi, dada. Nisamehe. Siuwezi usiku mwingine."

Sekela alikuwa anatazama dirishani. Hakusema usimpe. Alishalisema, na mimi nilishamjibu kwamba pointi ni ya mchezaji.

Na ilikuwa yake. Ametoka hai. Nikanyoosha kidole gumba, nikakiweka.

Kisahani kikakoroma.

Nikajifuta mkono kwenye sketi, nikarudia. Kikakoroma. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuanzia kwenye bega, vidole vinacheza vyenyewe kama vya mtu mwenye homa, na kadiri nilivyoukaza ndivyo ulivyozidi. Mkono wa jiwe. Ningecheka kama ningeweza.

"Siwezi," nikasema. "Gwakisa, nataka, ila siwezi. Tazama."

"Ngoja nikusaidie."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, mikono migumu yenye makovu ya cheche, akaubana kwenye kisahani ili utulie. Alihitaji pumzi moja tu. Nilimwacha. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na nilikuwa nasikia kila kovu la mkono wake kwenye ngozi yangu.

Haukutulia. Alibana zaidi, haukutulia. Akabadilisha, akaukumbatia mkono kwa viganja bila kuubana, kidole gumba chake kikawa kinapita taratibu juu ya vidole vyangu, mbele nyuma, mbele nyuma. Hakuna anayembonyeza mtu kisahani namna hiyo. Nikainua macho nikamwona usoni. Ngazi ya nne inakukinga na maji na mapango, lakini mkono wa mtu anayetetemeka haumo kwenye hadithi yoyote ya Ligi.

"Sekela," akasema.

"Naam."

"Hivi hivi."

"Hivi hivi nini?"

"Alikuwa anatetemeka hivi hivi. Nimemshika hivi." Sauti yake ilianza kukatika. Nikajua sasa atanyanyuka, atatafuta bafu, atafungulia bomba. Lakini ukumbi ule hauna bafu, na mkono wangu ulikuwa mikononi mwake, na hakuuachia. "Hakulia. Hakulia kabisa. Aliuliza kitu kimoja."

Sekela akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. "Aliuliza nini?"

"Aliuliza kama mama amechukua mwavuli."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Tumpe alikuwa amesimama ukutani, amejifunika uso kwa mtandio.

"Sikuchukua," Sekela akasema.

"Najua. Mwavuli ulikuwa chini ya kitanda." Akalia sasa, kwa sauti, mdomo wazi, machozi yakawa yanadondoka kwenye mikono yetu sote watatu, kwa kuwa Sekela naye alikuwa ameweka wake juu. "Nikamwambia umechukua. Akasema basi sawa."

Kisahani kilikoroma mara moja tena chini ya viganja vyetu, kikasubiri, kikazima na pointi yake. Tukabaki tumekaa.